Gunia la mahindi shilingi 100 😂

Jamani leo hapa Area C, Dodoma, dogo mmoja wa chuo kaniletea programu yake ya lugha ya C, inasoma faili la bei za nafaka, soko, zao, bei, kilo, vyote vimetenganishwa na koma.

Kuna mstari bei haijajazwa:
Kibaigwa,mahindi,,100

Programu ikatoa bei shilingi 100! Kibaigwa hiyo hiyo, soko kubwa la nafaka?? Wakulima wangeandamana.

Ndo strtok hiyo, fanksheni ya C ya kukata maandishi vipande vipande, koma mbili zikifuatana yenyewe inaona moja, nafasi tupu hupewi. Tukaweka strsep, fanksheni nyingine ya kukata, ikarudisha kitupu chake safi.

Ila kilichomwacha dogo mdomo wazi ni nilipomwambia aprinti ule mstari mzima baada ya kuita strtok mara moja tu.

Likatoka neno moja. Kibaigwa.

"Bro, data zingine zimeenda wapi?"

Zipo palepale kwenye memori, sema ile koma ya kwanza imefutwa ikawekwa '\0', alama ya mwisho wa stringi (maandishi), na C ikishafika hapo kwake stringi imeisha. Akaprinti tena, na tena, kama haamini macho yake.

Wazee wa C, nyie mnatumia strtok_r, strsep au mnakata wenyewe kwa pointa? Semeni hapo chini 👇