Bawabu

Jana nilimpeleka bibi kuangaliwa macho. Kaja juzi kwa boti kutoka Pemba, na hospitali hii ya mjini haijui. Getini alikuwepo kijana wa ulinzi, kakaa kwenye kiti cha plastiki, rungu mapajani. Nikawa nahangaika na vibao, natafuta chumba cha macho, bibi akanivuta mkono: "Si umuulize bawabu?"

Yule kijana alisikia. Akainuka. "Shikamoo bibi. Bawabu ndiye nani?"

"Marahaba mwanangu. Bawabu ni wewe."

Akalirudia neno taratibu, kama mtu anayeonja kitu, kisha akamshika bibi mkono akatupeleka mpaka mlangoni.

Tangu hapo neno halijanitoka. Mimi nilizoea kulisikia kwenye darsa za Ramadhani tu: Ridhwani bawabu wa Pepo, Maliki bawabu wa Moto. Mtaani limetuponyoka. Sote tunasema mlinzi, au askari, au gadi, kana kwamba ni mtu yule yule.

Si yule yule. Askari asili yake jeshi. Hata akikaa nje ya duka la simu, jina lake bado limeshika silaha. Mlinzi namjua vizuri, maana nimekuwa mlinzi mwenyewe. Mpunga ukianza kutia maziwa nilikuwa napelekwa bondeni kulinda ndege. Alfajiri unapanda dunguni, teo mkononi, miguu bado ina umande, na unapiga makelele mpaka sauti inakauka. Kazi yote ni kufukuza. Hakuna ndege unayemwambia karibu.

Bawabu jina lake limebeba mlango: kwa Kiarabu mlango ni *bab*. Na mlango una kufungwa na una kufunguliwa. Kufunga ni kazi ya komeo. Kufungua ndiko kunakotaka mtu, ajue huyu ni mgeni wa nani, yule kaja na shida gani, huyu mzee asisimamishwe juani. Kwangu hiyo ni heshima kubwa, na naona uchungu tumeiacha ipotee pamoja na neno lake.

Wakati wa kurudi tulikatiza Mji Mkongwe. Kwenye mlango mmoja wa nakshi bibi akasimama, akapitisha kiganja kwenye mfaa, akaionesha baraza ya pembeni. "Hapa ndipo akikaa bawabu." Nikaiwaza Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, na ile milango yake mikubwa: watu wangapi walipita pale kwa salamu ya bawabu kwanza, kabla ya kumwona mwenye nyumba?

Bibi ana na neno jingine, mngoja mlango. Nilipokuwa mdogo akiniambia, "Ningojee nyumba, nakwenda kisimani," nami nikidhani ananitaka nimsubiri tu. Kumbe kungoja kwao ni kusubiri na kulinda kwa pamoja. Nilikuwa nakaa kizingitini naitazama njia mpaka ndoo yake itokeze kwenye migomba. Kumbe nilikuwa kazini.

Tumeandikiwa turudi wiki ijayo. Usiku, wakati natandika kitanda, bibi kaniuliza kama siku hiyo yule kijana atakuwa zamu.