Nilivyotoka ndani baada ya baridi: wiki moja ya daftari

Februari ilipoisha, majirani zangu nilikuwa nawajua kwa vishindo vya miguu tu. Huku mbali na ikweta baridi ndivyo inavyokufanya. Unarudi kazini giza limeshaingia, unafunga mlango, unavuta pazia. Nilikuwa nayangoja majira ya kuchipua kama mtu angojaye hodi, nikiamini siku moja nitafungua mlango nikute jua na maua vimekwisha kufika pamoja. Miaka miwili mfululizo yalikuja yakapita, nami bado nangoja.

Mwaka huu nilijiwekea sharti dogo: kwa wiki nzima, kila saa kumi na mbili na nusu jioni, nishuke uani nikae dakika kumi, kisha niandike mstari mmoja daftarini. Ilikuwa wiki ya tarehe 20 Machi, wakati mchana na usiku hulingana. Kwenye latitudo ya 50 hivi kaskazini mwa ikweta, siku hizo mchana huongezeka karibu dakika 4 kila siku, maana yake karibu nusu saa kwa wiki. Nilitaka kuliona ongezeko hilo kwa macho yangu.

Jumatatu niliandika neno moja, "baridi", tena kwa kumulika na simu. Jumanne nikaongeza harufu ya udongo uliolowa. Sikuwa nimeinusa tangu majani yadondoke. Jumatano ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano alikaa juu ya paa akaimba mpaka dakika zangu zikaisha, nami nikabaki palepale. Nilirudi ndani vidole vimekufa ganzi, lakini moyo umechangamka kweli.

Kilichonisumbua ni maua ya krokasi kando ya ukuta. Kila jioni nilikuta yamefumba, yamesimama kama vidole vilivyobanwa. Nikaandika Alhamisi, na Ijumaa tena, kwamba bado hayajachanua.

Ijumaa hiyohiyo niliona tangazo mlangoni: kesho saa nne asubuhi wapangaji wote tusafishe ua. Matangazo ya namna hiyo nilikuwa nayasoma na kuyapita. Safari hii nilishuka, kwa kuwa daftari lilikuwa limeshanifanya nione ua ule ni wangu pia.

Tulikuwa watu kama kumi na wawili, wenye reki, mifagio na toroli moja la kupokezana. Jambo la kwanza kuona ni krokasi: zote wazi, zambarau na manjano, zimelielekea jua. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, mtu mzima, aliniona nimeduwaa. Akanieleza kwamba maua hayo hufumbuka hewa inapopata joto na kujifumba inapopoa. Kumbe yalikuwa yakichanua kila mchana wenye jua, nami nayafuata saa yameshalala. Nilifurahi kupita kiasi kusahihishwa hivyo.

Ni yeye pia aliyetuzuia tulipotaka kuondoa lundo la majani makavu kwenye pembe. "Liacheni kwanza, wanangu, humo bado kuna wadudu wamelala." Akatuonyesha nyuki mmoja mnene mwenye manyoya, akijiburura kutoka ua moja la krokasi hadi jingine. Nyuki wa aina hiyo, alisema, vibarua na madume hufa baridi inapoanza. Anayevuka ni malkia mchanga peke yake, aliyejificha ardhini. Akiamka hutetemesha misuli ya mabawa ili apate joto la kurukia, halafu anatafuta chakula na mahali pa kuanzisha kundi jipya. Tuliweka reki chini tukamzunguka, watu wazima na watoto, hakuna aliyezungumza. Nadhani dakika ile ndiyo niliyoipenda kuliko zote za wiki hiyo.

Lundo tuliliacha. Tulitengeneza benchi lililolegea, tukapanga zamu ya kumwagilia, na nikaondoka nikijua majina tisa.

Jumapili jioni, saa ileile, nilishuka na daftari. Krokasi zilikuwa zimefumba. Mbingu ilikuwa bado na weupe upande wa magharibi, na niliandika mstari wangu mpaka mwisho bila kuwasha simu. Nilipoinua kichwa, yule mama alikuwa anakuja na mto wa kukalia. Nikamwamkia, nikasogea, akaketi.