Yai moja mara 24

Alhamisi, saa nne usiku.

Kidole changu cha shahada kina doa la kijani. Nimekisugua kwa sabuni ya kipande, nikaenda kumwomba jirani nusu ndimu nikakisugua tena, na doa bado lipo. Ni rangi ya malakaiti. Tunaichanganya na glisarini na kuloweka humo vipande vya selofeni siku moja kabla ya zoezi la maabara. Lakini doa si hoja. Kinachonikosesha usingizi ni kile nilichokiona kwenye hadubini saa nane mchana, na kilitoka tumboni mwangu mwenyewe.

Huu ndio muhula wetu wa vimelea. Kwenye ploti wakiniuliza nasomea nini, najibu "minyoo", wanacheka, basi yanaishia hapo. Sitaki kuanza kueleza. Ila kuna jambo moja limenifurahisha tangu Januari. Tunapewa majina ya Kilatini marefu kama treni ya mizigo, halafu nikifika nyumbani nagundua Kiswahili kilishawapa wageni hawa majina zamani: safura, tegu, matende, mabusha, malale, kichocho, funza. Aliyetunga neno "safura" hakuwa na hadubini, lakini alishaona mtu aliyepauka, anayehema akipanda kilima kidogo, na akajua huo ni ugonjwa wenye jina lake.

Jambo lingine ni kwamba vimelea vina saa zao. Mnyoo wa matende, ule unaosumbua watu wa Pwani yetu, watoto wake hujificha ndani ya mapafu mchana kutwa. Usiku, kati ya saa nne na saa nane, wanatoka kuogelea kwenye damu ya pembeni kwa sababu huo ndio wakati mbu anakuja kula. Ukimtoa mgonjwa damu saa tano asubuhi na kuisoma kwa bidii zote, unaweza kumwambia yuko salama na wakati huo mguu wake unavimba. Kichocho cha mkojo nacho ni kinyume. Mayai hutoka kwa wingi mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, saa ambazo watoto wako mtoni. Vimelea vya malaria kali vikikomaa huondoka kwenye damu inayozunguka na kung'ang'ania kuta za mishipa midogo, kwa hiyo kwenye slaidi unaona vile vichanga tu, vyenye umbo la pete. Ndiyo maana slaidi ikiwa safi na mgonjwa bado anachemka, damu hutolewa tena baada ya saa 12 au 24.

Mwalimu wetu wa maabara, mama mpole asiyependa kelele, ana sentensi moja anayoirudia kila zoezi: "Andikeni mlichoona." Nilidhani ni maneno ya kujaza hewa tu.

Leo tuliambiwa kila mtu aje na choo chake. Sitaeleza yote, ila nitasema hivi: kusafiri na kikopo hicho kutoka Githurai hadi mjini ni mtihani wa imani. Nilikifunga kwenye karatasi tatu, nikakiweka ndani ya mkebe wa chakula, na mkebe ndani ya begi. Makanga akaniambia, "Weka begi hapa mbele kwa boneti, boss, hapa kumejaa." Boneti yenyewe ilikuwa ya moto kama jiko. Nikamwambia begi lina vyombo vya glasi, nikalikumbatia hadi Ngara. Mwenzangu mmoja alikuja na chake ndani ya kikopo cha mtindi, na lebo hakuibandua. Hatutamsahau.

Zoezi lilikuwa la Kato-Katz, njia ya kuhesabu mayai ya minyoo kwenye choo. Unasukuma kinyesi kwenye wavu mdogo wa chujio ili nyuzi za sukuma wiki zibaki upande wa pili, unakwangua kinachopita, unajaza nacho tundu la kiolezo kilichokaa juu ya slaidi. Unakiondoa kiolezo, inabaki tonge ndogo kama punje ya dengu. Juu yake unaweka ile selofeni ya kijani, unaipindua slaidi yote na kuikandamiza mpaka tonge iwe chapati. Tundu lile hubeba miligramu 41.7. Hiyo ni gramu moja ukiigawa mara 24, ndiyo maana kila yai unalohesabu unalizidisha kwa 24 upate mayai kwa gramu. Mayai ya safura yasomwe mapema, kwa sababu glisarini huyasafisha mpaka yakatoweka. Ya kichocho hayana haraka.

Slaidi yangu ya kwanza niliisoma kwa kiburi. Niliipitia huku na huku, mstari kwa mstari, kama mtu anayelima kwa jembe la ng'ombe. Chembechembe za mimea, mapovu ya hewa, basi. Nikaandika kwenye daftari: hakuna. Mwalimu alipopita akachukua kalamu yangu, akakata neno lile, akaandika juu yake: hakuna kilichoonekana. Hakusema kitu. Alipofika meza ya tatu ndipo akageuka na kuniambia, "Umesoma miligramu 41. Hiyo nyingine yote umeitupa wapi?"

Nikatengeneza slaidi ya pili kwa hasira kidogo, ili nimwonyeshe.

Lilikuwa karibu na ukingo, chini kulia. Yai refu la rangi ya hudhurungi hafifu, umbo la mviringo uliovutwa, na ubavuni mwake mwiba. Mwiba mmoja mkubwa, umetoka upande kama mwiba wa waridi. Katika vitu vyote vya muhula huu, hicho ndicho usichoweza kukosea. Kichocho cha mkojo mwiba wake uko mwishoni. Ukiwa ubavuni ni Schistosoma mansoni, kichocho cha utumbo. Urefu wake ni kama milimita 0.14. Nilikaa nalitazama kwa muda ambao siujui. Halafu nikaita, "Mwalimu," na sauti ikanitoka kama ya mtoto.

Akaangalia. Akarekebisha mwanga. Akaangalia tena.

"Kwenu ni wapi?"

"Nairobi."

"Nauliza kwenu."

"Mwea."

"Haya," akasema. "Yai moja mara 24. Andika."

Mwea sijaishi. Nimezaliwa na kukulia hapa jijini. Lakini kila likizo ya Desemba tulipelekwa kwa shosho, nyanya yetu, kule kwenye mashamba ya mpunga, na mfereji wa maji ulipita hatua 50 kutoka jikoni kwake. Tulioga humo, tukafulia humo, tukashindana kuzamia humo. Konokono walikuwepo, wadogo, wamejikunja kama kamba iliyosokotwa bapa, tukiwakusanya na kucheza nao bao. Siku hizi najua kwamba konokono mmoja aliyeambukizwa huachia maelfu ya viluwiluwi vya kichocho jua likipanda, kila kimoja na mkia wa panda, na kwamba kikikugusa kinahitaji dakika chache tu kupenya ngozi na kuacha mkia nje. Sisi tulikuwa tukijikuna miguu jioni na shosho akisema ni nyasi.

Mara ya mwisho kuingia mfereji ule ilikuwa Desemba 2017, baada ya KCPE, mtihani wa darasa la nane. Kichocho hakizaliani ndani ya mtu. Mnyoo mzima hauzai mnyoo, unataga mayai, na yai lazima lifike majini. Kwa hiyo wageni wangu ni walewale wa mwaka ule, au wa kabla yake. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, na wako waliopatikana wakiwa na zaidi ya 30. Wanaishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo, dume na jike. Dume ana mfereji mwilini mwake ambamo jike hukaa amekumbatiwa maisha yake yote, akitaga mayai kama mia tatu kwa siku. Nimemaliza shule ya upili, nimehama nyumba mara mbili, nimeachwa na msichana mmoja niliyemwamini, na muda wote huo ndani yangu kulikuwa na ndoa isiyotetereka.

Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Katika miaka hiyo nimeumwa na tumbo mara nyingi, kama wana-Nairobi wote, na mara tatu nimeambiwa nina ameba. Mara zote ilikuwa kliniki ileile ya mtaani, ambayo sitaitaja. Unatoa kikopo, unakaa kwenye benchi, dakika kumi hazijaisha umeitwa: ameba, na mara moja ameba na taifodi pamoja, kama bei ya jumla. Unapewa metronidazoli, ulimi unaonja chuma wiki nzima, na unalipa. Sasa nimeshafundishwa kwamba ameba inayotambaa inasomwa choo kikiwa bado na joto, si zaidi ya nusu saa tangu kitoke, na kwamba sisti yake, yaani ameba iliyojifunga ganda, ukiiona huwezi kuitofautisha kwa macho na ya ndugu yake asiye na madhara, Entamoeba dispar. Kwa hadubini, dalili kubwa ni kuiona imemeza seli nyekundu za damu. Kikopo changu kilikuwa kimetoka nyumbani alfajiri na kusomwa saa tano. Waliniona na kitu ambacho huenda hakikuwepo, na kilichokuwepo hakikutafutwa. Ila siwezi kuwalaumu peke yao. Mimi mwenyewe ningekasirika ningeambiwa "hakuna kilichoonekana" baada ya kulipa. Mtu anataka jina la ugonjwa wake arudi nalo nyumbani.

Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, alimkuta mnyoo wa kichocho mwaka 1851 akipasua maiti hospitalini Cairo, na ndiye tunayemtaja kila tukisema bilhazia. Miaka karibu 60 baadaye, mwaka 1910, mayai yalipatikana kwenye figo za maiti za kale za Misri zilizokaushwa, za zaidi ya miaka 3,000. Nilipoyasoma haya mwezi wa pili niliyaona ni historia nzuri ya kujibia mtihani.

Jioni nilimpigia shosho. Nilizunguka kwanza, nikauliza mvua, nikauliza ng'ombe.

"Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "sema kilichokufanya upige simu siku ya kazi."

Nikamwambia nina kichocho.

Akacheka. "Kwani hicho ni kitu? Hapa kila mtu anacho. Hicho ni cha mpunga."

"Shosho, kinaharibu ini."

Akanyamaza. Nikamweleza vile tulivyoelezwa: kwamba tatizo si mnyoo, ni mayai. Nusu yake hayatoki. Yanabebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama, mwili unayajengea makovu, miaka inapita, damu inakosa njia, mishipa ya chini ya koo la chakula inavimba, na siku moja inapasuka. Nilikuwa nikimweleza kama nasoma daftari. Sikujisikia hadi nilipomaliza.

"Kama Guka," akasema.

Babu yetu alifariki nikiwa darasa la pili. Nakumbuka tumbo lake, kubwa na gumu, na mikono myembamba. Nakumbuka beseni la bluu ambalo baadaye hakuna aliyelitumia tena. Alikuwa ametapika damu. Mazishini watu walinong'ona ni pombe, wengine wakasema alitegewa na mtu wa mpaka wa shamba. Guka alikuwa ameokoka kabla baba yangu hajazaliwa, pombe hakuigusa. Alichogusa kila siku ya maisha yake, hadi magotini, ni maji ya mpunga.

"Ndiyo yenyewe?" shosho akauliza.

Nilitaka sana kusema ndiyo. Ingempa kitu cha kuwajibu wale wa mazishini. Lakini hakuna slaidi ya Guka, hakuna aliyempima, na ini huharibiwa na mambo mengi.

"Sijui, shosho. Inafanana. Hakuna aliyeangalia."

"Mh," akasema. Halafu, "Na dawa yake ni ghali?"

Si ghali. Kesho asubuhi nitameza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Nina kilo 60, kwa hiyo ni vidonge vinne vya 600, vikubwa na vichungu kweli, na wenzangu wamenishauri nile chapati mbili kwanza. Haviui minyoo michanga, lakini wangu hawana uchanga wowote. Wiki kadhaa baadaye nitarudia Kato-Katz, slaidi mbili za siku tofauti, na nitaandika nilichoona.

Jumamosi napanda matatu ya Mwea pale Tea Room. Mwalimu amenipa vikopo sita vyenye vifuniko vya kukaza, na kituo cha afya cha kule kitapima. Shosho amekubali kutoa chake, kwa masharti: jirani asijue, na nisije mikono mitupu kama mara ya mwisho. Anataka mkate wa siagi na majani ya chai, yale ya pakiti kubwa.