Nilivyolizeesha gitaa langu la umeme

Kila niliyemuuliza namna ya kulifanya gitaa jipya lionekane kuukuu alinipa jibu lilelile: tafuta mnyororo, rundo la funguo na nyundo, ulitwange mpaka lichoke. Ushauri huo uliniudhi, na hadi leo unaniudhi. Gitaa huzeeka kwa kupigwa muziki. Tazama picha za Stratocaster (gitaa la umeme la kampuni ya Fender) ya 1961 ya Rory Gallagher, mpiga gitaa wa Ireland: rangi karibu yote imeondoka kwa jasho na miaka ya jukwaani. Mnyororo haukuletei hilo.

Langu ni nakala ya Stratocaster, rangi ya maziwa, napigia ridhimu kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Linalia vizuri, ila liling'aa kama sahani mpya, na mimi roho yangu iko kwenye magitaa ya wazee wetu.

Nilianza na friza. Nilikuwa nimesikia kwamba rangi ya zamani hupasuka ikipata baridi kali halafu joto la ghafla. Nikafungua shingo na nyaya zote, nikazungushia kiwiliwili nailoni, nikamwomba jirani mwenye bucha anilazie usiku mmoja. Asubuhi nikalipuliza kwa draya ya saluni. Hakuna hata ufa mmoja. Nikarudia mara tatu, wiki nzima ikaishia hapo.

Baadaye ndipo nikaelewa. Fender walipuliza vanishi ya nitro, nyembamba, ambayo hukauka na kukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Kuanzia mwaka 1968 hivi wakahamia poliesta, nene kama plastiki, na magitaa mengi ya bei nafuu leo yamevikwa hiyohiyo. Poliesta haijali friza yako. Kwa hiyo kabla ya lolote, chovya pamba kwenye thina na uguse mahali pasipoonekana, chini ya plastiki ya mbele. Ikinata, ni nitro. Isiponata, usihangaike na baridi.

Nikaenda Keko kwa mafundi samani. Wakaivua rangi kwa hewa ya moto, wakapaka upya, juu wakapuliza vanishi ya nitro yenye umanjano kidogo sana. Yote haikufika laki mbili. Nililiacha likauke mwezi na nusu, maana vanishi mbichi haipasuki sawasawa.

Friza tena, draya tena. Safari hii nililisikia kabla sijaona: tik, tik, kama sufuria inayopoa. Nyufa nyembamba kama unywele zikakimbia kutoka kwenye pembe hadi chini ya daraja linaloshika nyuzi. Nilizima draya nikakaa nikizitazama tu. Kisha nikapaka dawa nyeusi ya viatu, nikaifuta juu, ikabaki ndani ya nyufa. Hapo ndipo zilipoonekana za miaka.

Sasa uchakavu wa mkono, na huu ndio ujanja ninaojivunia kuliko wote. Wengi hukwangua kwa kukisia. Mimi nilijipaka unga wa chaki kwenye mkono wa kulia, nikavaa gitaa nikiwa nimesimama, nikapiga rumba saa nzima. Chaki ikaacha alama pale mkono unapolala kweli, chini zaidi ya nilivyofikiri. Nikafuata alama hiyo kwa msasa laini wenye maji, katikati hadi kwenye mbao, pembeni nikififisha. Mgongoni nikafanya vivyo hivyo kwa chaki kwenye bizimu ya mkanda wa suruali.

Ukitumia sufi ya chuma badala ya msasa, toa kwanza pikapu, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Sumaku zake huvuta vumbi lote la chuma na kulitoa ni mateso.

Vitufe vya sauti nililoweka kwenye kahawa nzito ya moto, siyo inayochemka, siku mbili vikawa rangi ya jino. Skrubu nilizichomeka kwenye kipande cha boksi, vichwa vikitazama chini, nikafunikia chupa yenye siki. Mvuke ukala vichwa, meno yakabaki mazima. Za shingo sikuzigusa kabisa, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wa nyuzi zote sita.

Ukija kuliuza, mwambie mnunuzi kwamba umelizeesha mwenyewe. Langu siliuzi. Jumamosi lilipanda jukwaani, na mkono wangu ukalala palepale penye mbao.