Magenge ni Kimbilio la Wibari

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimekaa na mstari mmoja tu, Zaburi 104:18: "Milima mirefu ndiko waliko mbuzi-mwitu, na magenge ni kimbilio la wibari." Wibari ndiye pimbi. Miaka yote nilikuwa nikiupita haraka niwahi mistari ya simba na bahari. Safari hii neno "kimbilio" lilinishika, maana ndilo neno la wanaochunguza vinasaba, yaani chembe za urithi, vya viumbe wa porini wanaposimulia zama za barafu.

Miaka ipatayo 20,000 iliyopita, barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita 2 ililala juu ya Skandinavia. Maji mengi ya dunia yaliganda nchi kavu hata usawa wa bahari ukashuka kama mita 120. Mialoni, kalunguyeye na dubu wa Ulaya walikosa pa kuishi kaskazini. Wengi wa walionusurika walijibana kusini, Uhispania, Italia na Balkani. Barafu ilipoyeyuka, wazao wao walirudi taratibu, na safari hiyo imo miilini mwao hadi leo. Kusini vinasaba ni vya aina nyingi, kaskazini mara nyingi ni vichache. Nchi iliyofunguka ilijazwa na wachache waliotangulia, kisha wachache miongoni mwa wazao wao wakasogea tena. Chota konzi ya mbegu kwenye kapu lenye mbegu za rangi nyingi, halafu uchote kidogo kutoka konzi hiyo: rangi zinapungua, na hakuna aliyezitupa.

Upungufu huo una gharama, na duma ndiye anayenihuzunisha zaidi. Watafiti wanaona kwamba kuelekea mwisho wa zama za barafu, yapata miaka 10,000 hadi 12,000 iliyopita, duma walipungua mno, na hawa wa leo ni uzao wa wachache waliosalia. Katika miaka ya 1980 vipande vya ngozi vilihamishwa kati ya duma wasio ndugu, na miili yao ikavipokea kana kwamba ni ngozi yao wenyewe. Wakati huohuo, virusi viliingia katika kundi la duma waliofugwa Oregon, Marekani, vikaua zaidi ya nusu yao. Kundi likifanana kiasi hicho, ugonjwa unaomshinda mmoja huwashinda wengi, kwa kuwa hakuna mwenye kinga ya tofauti.

Sasa rudini kwenye ile milima mirefu. Kwa nini milima? Ukipanda mita 100, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi. Mnyama wa tambarare akitaka nafuu hiyohiyo huenda akahitaji kusafiri makumi ya kilomita. Wa mlimani anapanda kidogo tu, na baridi ikizidi anashuka. Tazameni Usambara, Uluguru na Udzungwa. Zama za barafu zilipoikausha sehemu kubwa ya Afrika na misitu ya nyanda za chini ikasinyaa, milima hii iliendelea kupokea unyevu wa Bahari ya Hindi, na misitu yake ikabaki. Nilipolielewa hilo nilikumbuka ahadi ya Mwanzo 8:22 kwamba majira hayatakoma, ambayo Biblia yetu inaitaja kwa majina ya pepo zetu, kaskazi na kusi. Ndani ya misitu hiyo kila mlima ukatunza koo zake, hata vinyonga wa mlima mmoja wakawa si wale wa mlima wa pili. Humo ndimo alimokaa kwale wa Udzungwa, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1991, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Muda wote huo Mungu alimjua.

Najua hesabu hizi za miaka zinawatatiza baadhi yetu. Mimi zinanipeleka Zaburi 90, ambako miaka elfu machoni pake ni kama siku ya jana ikiisha kupita. Aliyengoja barafu iyeyuke hana haraka yetu.

Lakini haraka yetu ndiyo inayoniogofya. Joto la kale lilipanda kwa karne nyingi, na viumbe walikuwa na misitu ya kupitia walipohama. Leo linapanda ndani ya umri wa mtu mmoja, na chini ya milima kuna mashamba na barabara. Anayekimbia joto hupanda, na mlima una kilele. Akifika hapo hana pengine pa kwenda. Shoka likiingia nalo, kimbilio lililodumu tangu zama za barafu linaweza kwisha ndani ya miaka michache.

Katika maombi ya wiki hii naomba tuitaje misitu hiyo kwa majina mbele za Bwana, pamoja na askari wa misitu wanaokesha humo usiku kwenye mvua.