Mpangaji Mdogo Kuliko Wote

Barua ya uhamisho ilinikuta Tanga mwezi Juni 2015. Kabla sijaisoma mara ya pili, habari ilikwisha kufika jikoni, na kutoka jikoni ikavuka ua hadi kwa majirani. Nyumba yetu ya Chumbageni ilikuwa na watu wanane: mimi na mume wangu, wanetu wawili, Mama, Shangazi aliyekuja kumuuguza Mama mwaka ule presha ilipompanda akasahau kurudi kwake, mdogo wangu fundi seremala, na binti wa marehemu dada yangu aliyekuwa darasa la sita. Ofisini walidhani wanamhamisha mtu mmoja. Fomu ya madai ilikuwa na mstari wa mwenza na mistari ya watoto. Wa shangazi haukuwapo.

Arusha nilikuwa nimeipita tu, tena usiku, nikielekea Singida kwenye harusi. Nikaanza kuitafuta kwenye simu baada ya watoto kulala. Intaneti ilinipa Ngorongoro, Serengeti, jengo la mikutano la AICC na picha za wazungu wamevaa kofia za jua. Niliweza kujua kwa dola bei ya kulala kwenye hema la kitalii, ila maji ya bomba mtaani yanatoka siku zipi, hakuna aliyeandika. Mume wangu ni dereva wa lori, akasema nisihangaike, Arusha anaijua. Kumbe anaijua ya vituo vya mafuta na mizani.

Basi ikaamuliwa nitangulie nikaangalie mwenyewe, na kila mtu akanifungia swali lake. Mama alitaka msikiti wa kufika kwa miguu, hospitali ya kupimia presha, na nazi. Shangazi aliuliza baridi. Mdogo wangu aliuliza kama mbao ngumu zinapatikana na kama kuna ua wa kuwekea meza ya kazi. Binti wa dada aliuliza kama watoto wa huko watamcheka anavyoongea. Mwanangu mkubwa alitaka kujua kama mlima unaonekana dirishani. Mdogo alikuwa na mwaka na nusu, hakuuliza kitu.

Nikapanda basi la alfajiri: Segera, Korogwe, Mombo, halafu ile njia ndefu chini ya milima ya Upare hadi Same, Mwanga, Moshi. Tulipofika Usa River jioni nilikuwa nimekwisha jifunga khanga mbili mabegani. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai wingu linaukalia Mlima Meru asubuhi mpaka adhuhuri. Gesti ya Levolosi walinipa blanketi moja, nikaomba la pili, mhudumu akacheka: "Mama, umetoka Pwani wewe." Swali la Shangazi likawa limejibiwa usiku wa kwanza. Kesho yake nilinunua sweta la mtumba kabla sijanywa chai.

Kuiuliza Arusha mwezi ule hakukuwa rahisi, kwa sababu Arusha nzima ilikuwa na jambo moja mdomoni. Jina la Edward Lowassa, mtu wa Monduli hapo jirani, lilikuwa limekatwa Dodoma kwenye uteuzi wa mgombea urais wa CCM. Ndani ya vifodi, daladala za huko, ungeuliza shule ukajibiwa Lowassa, ungeuliza bomba ukajibiwa Lowassa. Mwezi haujaisha akahamia Chadema, na mimi nilikuwa nimerudi Tanga, la sivyo nisingepata hata bei ya mkaa.

Dalali wangu alikuwa kijana mwepesi wa miguu aliyeniita sista.

"Sista, bajeti yako shingapi?"

"Tuko wanane."

"Sijauliza mko wangapi, nimeuliza bajeti."

Akachukua hela yake ya kuonyeshea, akanianzia na Njiro, maana alidhani mtu aliyehamishwa na ofisi ana hela ya ofisi. Nyumba zilikuwa nzuri kweli, tailizi, jipsam, geti la umeme. Nyingine zilikuwa tupu. Aliniambia wafanyakazi wa Mahakama ya Rwanda, ile ICTR iliyokuwa pale AICC, walikuwa wanaondoka kwa sababu kazi inafungwa mwisho wa mwaka. "Wenye nyumba walizoea dola," akasema. "Sasa wanajifunza shilingi." Walikuwa hawajajifunza vya kutosha kwa mfuko wangu. Mmoja aliposikia idadi yetu alimgeukia dalali, si mimi, akasema yeye anataka familia. Nikamwambia hiyo ndiyo familia. Akasema familia ni baba, mama na watoto. Sikubishana naye, lakini mpaka leo nikipita Njiro naitafuta nyumba ile kwa macho nione nani amekaa.

Sakina tulipata nyumba ya bei yetu, ila ua wake usingetosha hata kitanda, sembuse meza ya seremala. Daraja Mbili mtaa ulinichangamkia mno, nikampenda kila mtu niliyemsalimia, lakini vyumba vilikuwa viwili. Dalali akaanza kuniangalia kama mtu asiye na nia.

Ndipo nikakaa kula makande kwa mama lishe mmoja karibu na soko la Kilombero. Nilikuwa nimeanza kuona tangu Usa River, kwenye vinywa vya watu, meno ya rangi ya kahawia, mengine yamepauka na kuliwa kingo, kwa vijana wadogo kabisa wasiovuta sigara. Mimi si mtu wa kumuuliza mgeni habari za meno yake. Yule mama aliniona ninavyokwepa kumtazama, akanicheka kwa meno yote.

"Haya ni cheti changu cha kuzaliwa," akasema. "Niende Mwanza, niende Mbeya, nikicheka tu wanajua huyu wa Arusha. Mimi wa Ngarenanyuki. Kule kwetu wengine maji yamewapinda na miguu."

"Maji?"

"Maji, mama. Kwani una watoto?"

Alinieleza bila haraka huku akipakua. Nilipotaja kwamba maji nitayachemsha, alitikisa kichwa, akaniambia niende nikaulize wanaojua.

Nikaenda. Kwenye kliniki moja ya meno nilikuta muuguzi asiye na foleni, na nadhani alifurahi kupata mtu anayeuliza kabla ya kuugua. Inaitwa floraidi, akasema, inatoka kwenye miamba ya volkano ambayo maji yanapita chini yake. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchini mwetu wakati ule tuliruhusu hadi 4. Na kuzunguka Mlima Meru vipo visima na chemchemi vinavyopita mara kumi ya hiyo 1.5. Chanzo kimoja kinaweza kuwa salama na kingine, kilometa chache pembeni, kibaya. Kuchemsha kunaongeza tatizo: maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki yote.

"Na magadi mnatumia?" akauliza.

Mama hapiki maharage bila magadi. Kisamvu ndiyo usiseme.

"Basi na magadi yana floraidi."

Kisha akaniambia jambo lililoniweka sawa. Meno yaliyokwisha ota hayaharibiki tena kwa namna hiyo. Yanayoharibika ni yale yanayotengenezwa bado ndani ya ufizi, mpaka kwenye umri wa miaka minane hivi. Nikaipitia familia yangu kinywa kwa kinywa nikiwa nimekaa pale kwenye benchi. Mama ana meno ya bandia. Shangazi ya mbele hana. Mume wangu, mdogo wangu, binti, wote yamekwisha ota. Mwanangu mkubwa ana miaka tisa. Akabaki mmoja, yule ambaye hakunituma kitu. Kuanzia hapo ni yeye aliyekuwa anatafuta nyumba, mimi nilikuwa natembea tu.

Jioni nikampigia Mama. Nilimweleza kwamba pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali kinachotafiti namna ya kuiondoa floraidi, na kwamba wana chujio la mkaa wa mifupa.

"Mifupa ya nini?"

"Ya ng'ombe, Mama."

"Kachinjwa na nani?"

Nikasema sijui, mifupa imechomwa mpaka imekuwa mkaa.

"Mkaa wa mfupa ni mfupa. Niulizie kwanza aliyechinja, ndipo nitakunywa."

Ukimjua Mama utaelewa kwamba hoja ya chujio iliishia hapo. Ila ni yeye huyohuyo, kabla ya kukata simu, aliyeuliza, kama mtu anayejisemea: "Na mvua je, huko hainyeshi?"

Inanyesha. Masika Machi hadi Mei, vuli Novemba na Desemba, na maji ya mvua hayajapita kwenye mwamba wowote. Unaiacha mvua ya kwanza ioshe paa, unakinga zinazofuata, unayachemsha kwa ajili ya vijidudu, yametosha. Asubuhi nikamwambia dalali sitaki tena tailizi. Nataka bati zima, gata, na tangi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sista, hiyo ungesema toka juzi," akanipeleka Moshono.

Nyumba ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Kimeru, nyumba kongwe na mwenyewe mkongwe. Sakafu ya saruji nyekundu, vyumba vinne, mchongoma badala ya ukuta, ua mpana wenye kivuli cha parachichi. Tangi la lita 5,000 lilikuwa limekaa upande wa mbele kwenye jukwaa la matofali; nyuma gata zilikuwa zimeng'oka. Nilipiga hesabu palepale. Maji ya kunywa na kupikia kwetu hayazidi ndoo moja na nusu kwa siku, yaani lita 30. Tangi likijaa mwisho wa masika linatuvusha siku zaidi ya 160, na kutoka Juni mpaka Oktoba ni siku 153. Kufua na kuoga tungetumia bomba. Mwalimu alinitazama ninavyohesabu kwa vidole, akauliza kama nafundisha hisabati.

Msikiti ulikuwa mwendo wa mama mwenye magoti mabovu, tena wa polepole. Nazi nilizikuta sokoni, kavu, ghali kuliko kwetu, na muuzaji aliponiambia zinatoka Tanga nilitaka kumkumbatia. Mlima ulionekana, si dirishani, kwenye mlango wa choo cha nje. Shule nilisimama nje ya uzio wakati wa mapumziko, nikasikiliza watoto wanavyoongea. Wangemcheka, ndiyo. Wiki moja.

Kodi aliyotaka mwalimu ilikuwa ya miezi sita mbele, na juu yake dalali na mwezi wake mmoja. Sikuwa nazo zote. Niliacha namba yangu, dalali akanionya kwamba nikivuka Tengeru tu nyumba si yangu tena.

Njiani nilishuka Moshi, kwa sababu mfanyakazi mwenzangu alikuwa ameniambia nikae Arusha peke yangu na familia niiweke Moshi. Kilometa 80 tu, wikiendi unakwenda. Na Moshi, kusema haki, ilinishawishi. Iko chini ya mita 1,000, joto lake Shangazi angelitambua. Mitaa imefagiwa, mtu akitupa ganda la muwa watu wanamtazama. Maji ya mji yanatoka kwenye chemchemi za Kilimanjaro na sifa yake ni njema. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ingemwona Mama magoti na presha yote mawili. Nilikula ndizi nyama pale karibu na stendi nikiwa nimekwisha kuwagawa kichwani, nani huku, nani kule.

Tanga tulikaa baada ya isha, wote, mpaka mtoto. Nilisema yote, na Moshi nikaisema vizuri kuliko inavyostahili, maana nilikuwa nimechoka kutafuta. Shangazi alianza kutikisa kichwa kukubali. Mama akamkata.

"Hatuhami vipande vipande kama nyama ya sadaka. Huyo mwalimu wa Moshono, namba yake unayo?"

Nilimpa simu. Alisalimia, akaulizia mvua za huko, akaja kwenye mahindi, akapita kwenye magoti, ambayo mwalimu naye kumbe anayo, wakalinganisha dawa. Mdogo wangu alitoka kwenda kununua vocha nyingine. Walipofika kwenye kodi walikuwa wamekwisha kuwa ndugu. Tukakubaliwa miezi mitatu, gata za nyuma zifungwe kabla ya vuli, meza ya seremala ikae chini ya parachichi mradi randa isilie usiku. Kuhusu magadi, Mama alisema tutazungumza tukifika.