Kurudi Gwarideni Nikiwa na Miaka 43

Mara ya mwisho kushika bunduki ilikuwa mwaka 1993, nilipokuwa kuruta wa mujibu wa sheria, yaani wa lazima, katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Mafinga. Mwaka uliofuata Serikali ilisitisha utaratibu huo, nami nikaamini kwamba mambo ya buti na filimbi za alfajiri yamekwisha kabisa maishani mwangu. Mwaka 2017, nikiwa seremala mwenye kilo 92 na mjukuu mmoja, nilimsikia mtendaji wa kijiji akitangaza mafunzo ya mgambo, yaani Jeshi la Akiba, nikaenda kuandikisha jina. Mke wangu alicheka, lakini aliponiona nimeinamia sanduku natafuta cheti changu cha JKT, alinyamaza.

Vijana wengi hupitia Jeshi la Akiba wakitarajia kupata kazi ya ulinzi, jambo ambalo siwalaumu. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati ya ulinzi ya kijiji, na kila ng'ombe walipoibwa ni sisi wajumbe tuliowatuma watoto wa wenzetu kwenda doria usiku, ilhali wenyewe tunabaki tukinywa chai. Aidha, marehemu baba alikuwa mgambo wa kizazi kile kilichofunzwa baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na alikwenda Kagera katika vita vya 1978 na 1979; hilo nalo lilinikaa moyoni, ingawa sikumwambia mtu.

Mshauri wa mgambo aliisoma fomu yangu ya vipimo vya afya, akanitazama tumbo, akasema, "Mzee wangu, kule hatubebani." Ilikuwa imesalia miezi miwili kabla ya kozi kuanza. Niliitumia yote: wiki tatu za mwanzo nilitembea tu kila alfajiri hadi darajani na kurudi, kwa sababu nilijua kwamba nikianza na mbio magoti yatanikatalia mapema, kisha nikaanza kuchanganya, nikikimbia mwendo wa nguzo mbili za umeme na kutembea nguzo moja. Ugali wa usiku niliupunguza kwa shingo upande. Nilipoanza kozi nilikuwa na kilo 84.

Kilichonishangaza ni kwamba kwata, yaani mazoezi ya gwaride, haikuwa imenitoka. Amri ya "nyuma geuka" ilipotolewa siku ya kwanza, miguu ilitii kabla sijafikiri, huku vijana wa pembeni yangu wakigongana mabega. Mchakamchaka ndio ulionitesa. Kosa langu lilikuwa kununua buti za mtumba zinazonibana, kwa imani kwamba ngozi italegea. Siku ya nne visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na soksi ilipovuliwa ilitoka na ngozi. Kuruta mmoja, binti wa miaka 20 hivi, ndiye aliyenifundisha kupaka mafuta ya mgando na kuvaa soksi mbili, ile nyepesi ndani, ndani ya buti lililozidi namba moja. Tangu hapo sikukosa hata paredi moja kwa ajili ya miguu.

Jambo gumu zaidi, nakiri, halikuwa la mwili. Mkufunzi wa platuni yetu alikuwa rika la mwanangu wa kwanza, na asubuhi niliyochelewa alinipa doso, yaani adhabu, ya kuruka kichura mbele ya watu ambao jioni huniita fundi na kuniamkia shikamoo. Nilirukaruka huku nimekasirika hadi machozi yakanilenga. Baada ya paredi alinifuata pembeni, akaniamkia, akaniambia kwamba akinisamehe mimi hataweza kumwadhibu mwingine. Nikamjibu, "Ndiyo, afande," na safari hiyo nilimaanisha.

Kufungua na kufunga bunduki ya SMG nilijifunza upya kabisa, maana vidole vya seremala ni vigumu. Nilikuwa wa mwisho katika seksheni kwa wiki mbili, mpaka nilipoanza kurudia mpangilio wa vipande kwa vipande vya mbao karakanani, macho nimeyafumba.

Tulihitimu baada ya miezi minne, mkuu wa wilaya akiwa mgeni rasmi. Wiki iliyofuata kamati ilipanga doria ya upande wa mtoni, nami nikaandika jina langu liwe la kwanza kwenye orodha, kisha nikaenda kutafuta tochi.